Maua ya Chini ya Sanduku

Embu, 3 Februari 2025

Makomredi wa Kaaga, Wifi Kathambi na Kaka Idrisi,

Salamu za mapambano. Nawaandikia kwa wino kwa sababu, tangu jumbe zetu za simu zisomwe mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, sisi viongozi wa wanafunzi tumeapa kusemezana kwa karatasi. Barua zangu zitapitia ofisi ya vifurushi pale kituoni. Atakayetaka kunijibu naye anunue bahasha.

Picha ya sebule yenu ilinifikia kabla ya kiapo hicho. Kuta za kijivu, makochi ya kijivu, zulia la kijivu, na saa ya ukutani isiyo na namba hata moja. Nimeitazama nikajiuliza: ni nani aliyeamuru kwamba mwenye bucha wa Majengo na mwalimu wa Kaaga, wakishajaliwa nyumba yao ya kwanza, waishi ndani ya wingu? Fundi Ndwiga aliyewapakia rangi atasema huo ndio mtindo wa kisasa. Kisasa cha nani? Kila aliyewahi kututawala alianza kwa kutwambia kwamba rangi zetu zinapiga kelele.

Mama zetu hawakuwa na picha za kutundika. Kwetu Majengo mama yangu alikuwa na leso. Kule Kianjai mama yako, Wifi, alikuwa na sindano na nyuzi, akatarizi maua kwenye kila kitambaa kilichofunika kila kiti. Wanawake hao wawili hawakujuana hadi siku ya posa, lakini walikuwa chama kimoja bila kujua.

Basi azimio langu ni hili: kijivu kibaki ukutani, maana rangi imekwisha kukauka, lakini madirisha na makochi yarudishwe kwa wananchi. Mapazia yawe ya leso. Makochi yafunikwe kwa vitambaa vya Kianjai. Mama amesema atakuja kuiona nyumba kabla ya Ramadhani. Akiingia, asijione mgeni wa hoteli.

Kikao kijacho cha wanafunzi ni Alhamisi, saa kumi jioni, mbele ya maktaba. Najua hamtakuja, lakini mmearifiwa.

Wenu katika mapambano,
Zuleka Jamaldin


Kaaga, 12 Februari 2025

Mpendwa Wifi Zuleka,

Kaka yako ameisoma barua yako kwa sauti akiwa bado amevaa aproni ya bucha, kisha akasema, "Huyu akipata kiti bungeni, atakachobadilisha kwanza ni mapazia." Mimi sikucheka sana, kwa kuwa umesema kweli. Nyumba hii ilikuwa inanifanya ninong'one kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Ila kuna jambo Idrisi halioni, nawe sijui kama unaliona. Ramadhani hii ndiyo ya kwanza kwangu tangu nisilimu. Uji wa futari siujui, na daku nimeisikia kwa jina tu. Mama ameahidi kwamba akiridhika na nyumba atakaa nasi mwezi wote. Hilo ndilo ninaloliomba. Mapazia ni njia tu. Nikimkosa yeye, nitafunga kama mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kubahatisha.

Kwa hiyo nilikwenda Majengo kumwomba leso. Alikuwa akichagua mchele uani. Akasema, "Nenda ufungue sanduku, mwanangu, chukua zitakazokufaa." Za juu zilikuwa zimefifia, nyingine zina madoa ya mafuta. Chini kabisa nikakuta doti moja mpya, leso mbili ambazo hazijatenganishwa, mawaridi mekundu yaliyofunguka mapana kama sahani. Nilipotoka nayo Mama alikuwa ameshaingia kuswali Adhuhuri, nikaaga mlangoni tu.

Nimekata, nimepinda, nimetia bitana ili jua lisizichujue. Sasa zinaning'inia. Vitambaa vya mama yangu nimevitandaza kwenye makochi, naye kaka yako anakaa ukingoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Mama anakuja Jumamosi ya juma lijalo. Niombee.

Wako,
Kathambi


Embu, 17 Februari 2025

Komredi Kathambi,

Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu, tukaipigia makofi. Njagi, makamu wangu, ambaye hajawahi kusifu kitu kisichokuwa na bango, alisema hilo ndilo tendo la kwanza la ukombozi analolijua lililofanywa kwa cherehani.

Umeelewa jambo ambalo vitabu vyetu vinalizungukazunguka. Kitu kizuri kikifichwa sandukuni ni kana kwamba hakipo. Ulipolitoa waridi lile kwenye giza na kulisimamisha mbele ya jua, ulimrudishia Mama ujana wake mbele ya macho yake. Usiogope Jumamosi. Atalia, kisha atauliza chumba chake ni kipi.

Kikao kijacho: Jumanne, saa tisa unusu, mahali pale pale. Tunajadili bweni lisilokuwa na maji.

Zuleka


Kaaga, 24 Februari 2025

Mpendwa Wifi,

Mama alikuja na akaondoka. Nakueleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Aliingia kwa mguu wa kulia, akasoma dua, akasifu jiko. Akauliza bomba linatoa maji kila siku au kwa zamu. Alikuwa mchangamfu. Kisha akageuka akayaona madirisha. Akaketi pale pale alipokuwa, juu ya maua ya mama yangu. Idrisi akamwambia, "Mama, tazama mkeo alivyokushonea!" maana tangu harusi hutania kwamba nimeolewa na Mama, si yeye. Hakujibu mzaha. Aliinuka, akaifunua kona ya pazia, akapitisha kidole kwenye bitana toka juu hadi chini. Akasema, "Umeshona vizuri." Maneno yenyewe hayo tu.

Chai niliyomwandalia ilipoa mkononi mwake. Hakuinywa. Alipoondoka aliniambia kwamba Ramadhani ataifungia chumbani mwake Majengo, kwa vile amezoea adhana ya msikiti wa jirani.

Nimewaza kila namna. Pengine ni vile vitambaa: amemwona mama yangu ameenea nyumba nzima na yeye ameachiwa madirisha. Pengine ni mimi. Mtu aliyezaliwa kwenye shamba la Kianjai, akaimba kwaya hadi alipokuwa mkubwa, anaweza kuvaa buibui na bado akaonekana. Kaka yako anasema, "Wazee wana siku zao." Yeye hushinda buchani, siku hizo hukaa nazo mimi.

Kathambi


Embu, 27 Februari 2025

Mama yangu mpendwa, Bi. Mwanarusi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima yote, na kwa heshima hiyo hiyo sitanyamaza.

Nimearifiwa kwamba uliingia katika nyumba ya mwanao, ukatazama kazi ya mikono ya mkewe, ukaiacha chai yake ipoe. Mama, kuna ukimya wa busara na kuna ukimya wa ubwana. Nikuulize kwa uwazi: kosa la Kathambi ni nini? Ni kuzaliwa Kianjai? Ni kwamba babu yake alipanda viazi badala ya kuchinja mbuzi? Sisi wenyewe wa Majengo tumetokana na watu wa kila upande, na kila familia ina bibi ambaye hakuna anayejua alishuka kutoka kilima gani. Nani alitupa ufunguo wa mlango huu hata tumfungie mwenzetu?

Alitaka kukufurahisha. Akachukua kilicho kizuri kuliko vyote sandukuni mwako kwa ruhusa yako mwenyewe. Ukihifadhi uzuri gizani na kuunyima wanaoishi, huo si utamaduni, ni uhafidhina, nawe hukunilea kuuheshimu uhafidhina.

Nenda Kaaga, Mama. Kunywa chai ya watu.

Kikao chetu ni Jumatano, saa tisa alasiri, na mada ni usawa.

Mwanao anayekupenda,
Zuleka


Kaaga, 5 Machi 2025

Mpendwa Wifi,

Tumeanza kufunga. Siku ya kwanza uji uliungua, siku ya pili niliutia chumvi badala ya sukari. Idrisi alikunywa wote, akasema, "Huu umefuturisha mpaka dhambi." Kaka yako ni mtu mwema, ila si mwalimu.

Mama hajaja. Nimesikia kwamba ulimwandikia. Idrisi alimkuta ameishika barua, Mama akaikunja na kuitia chini ya mkeka wa kuswalia.

Nimefikia uamuzi. Nitayashusha mapazia, niyafumue, nimrudishie kila kitu kama nilivyokikuta. Ingawa hakitakuwa kama nilivyokikuta, kwa sababu doti nimeshaitenganisha. Hata kitambaa kile cheupe nitamrudishia. Sikukutajia: leso zilikuwa zimefungwa ndani ya bafta nyeupe, nyepesi, ndefu ajabu, na ndiyo niliyoifanya bitana. Ilikuwa haijawahi kutumika. Palikuwa pia na kifuko cha vijiwe vyeupe vyenye harufu kali, nikadhani ni dawa ya nondo, nikakiweka kabatini kwenye mashati ya Idrisi. Sasa bucha nzima inamwuliza ana mafua gani.

Niambie kama nikirudisha nitakuwa nimemkosea mara ya pili.

Kathambi


Embu, 8 Machi 2025

Wifi,

Kaa chini kabla ya kusoma. Idrisi asikuone ukisoma.

Ile bafta ni sanda. Vile vijiwe ni kafuri, hutiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwosha maiti. Na leso zile mbili aliziweka ili afunikwe nazo wakati wa kuoshwa, kisha zitandikwe juu ya jeneza. Wanawake wengi wa Majengo wakishafika umri wake hujiandalia vitu hivyo wenyewe, wakaviweka chini kabisa, na juu yake wakapanga nguo za kila siku. Alipokwambia uchukue zitakazokufaa, hakuwaza kwamba mkono wa mtu ungefika huko.

Hukujua, na ungejuaje? Tulikufundisha kutawadha, kuswali na kufunga. Hakuna kati yetu aliyekufundisha habari za kifo.

Mrudishie. Usingoje niseme zaidi, sina zaidi.

Zuleka


Majengo, 13 Machi 2025

Kwa mwanangu Zuleka,

Marahaba. Barua yako ya mwezi uliopita ninayo. Una maneno mengi kama baba yako, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa akiuza kilo moja ya nyama kwa hotuba. Ile ya uhafidhina nilimwuliza Idrisi maana yake. Akaniambia ni tabia ya mtu anayehifadhi vitu visibadilike. Nikamwambia basi dada yako amenijua.

Juzi alasiri mke wa kaka yako alikuja na furushi kichwani kama mtu anayehama. Amefumua kila uzi. Macho yamevimba. Akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingeshona vizuri hivyo."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Nikamwambia ukweli. Ningemwambia siku ile, angefunga Ramadhani yake ya kwanza akiwa na jambo hilo kooni. Nilitaka nitafute nyingine taratibu, niiweke, yaishe bila yeye kujua. Na chai sikuikataa, ni koo lililokataa. Hata wewe mwenye maneno mengi, kaa ndani ya nyumba mpya uone sanda yako jua linapita ndani yake, halafu uniambie kama utameza.

Sasa nikuambie habari ya maua yale, maana hukuwahi kuuliza. Mwaka Idrisi alipoanza shule nilinunua doti mbili za mawaridi yale. Mwenye duka aliniapia kwamba hatawauzia wengine wa mtaa wetu. Siku ya Idi nikatoka, nikamwona Jamilah muuza viazi karai amejifunga leso ile ile, naye akaniwahi mbele ya watu: "Haya, tazameni Mwanarusi alivyoniiga!" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo sijamsalimia, naye hajanisalimia, na ukuta wake na wangu ni mmoja. Ile doti ya pili nikaifungia. Nikasema nitaivaa siku ambayo Jamilah hatakuwa na la kunijibu.

Basi ndivyo nilivyomhadithia Kathambi, naye akacheka huku analia, akashikwa na kwikwi. Tukafuturu pamoja. Bafta na kafuri nimerudisha sandukuni. Leso nimemwambia azirudishe dirishani. Mkasi ukishapita, umepita. Na kusema kweli, tangu ninunue maua yale sikuwahi kuyaona yakipigwa na jua. Yanapendeza.

Ninahamia Kaaga kesho. Mtoto huyu anatia chumvi kwenye uji.

Soma, usipigwe virungu.

Mama yako,
Mwanarusi


Kaaga, 24 Machi 2025

Mpendwa Wifi,

Mama anakaa chumba cha upande wa jua. Amenifundisha uji, amenifundisha kaimati, nami nimempikia mukimo wa njahi, yale maharage meusi yetu yaliyopondwa na viazi, kwa futari. Alikula akasema chakula hiki kingepata tui kingesilimu. Jioni huketi akitazama madirisha. Mwanzoni niliogopa kukaa naye. Baadaye nikazoea, kama alivyozoea yeye.

Jana, tukiwa ndiyo kwanza tumefungua kwa tende, Idrisi alipigiwa simu. Bi. Jamilah amefariki alasiri. Aliishi peke yake, na binti yake yuko safarini anatoka Kiambere. Wanawake wa Majengo walikuwa wanachanga vitu vya kuoshea. Sanda imepatikana msikitini, leso ni za kuazima.

Mama aliweka kikombe chini. Akasogeza kochi hadi dirishani, kochi la kijivu, akapanda juu yake pamoja na kitambaa cha mama yangu, akaanza kuchomoa pazia kwenye fimbo.

"Mama, hayo ni mapazia," Idrisi akasema.

"Hizi ni leso. Nishikie huku, utaniangusha."

Nilizipiga pasi, zikakunjwa, tukaenda wote watatu. Nilidhani nitaachwa uani na wapishi. Mama akanishika mkono, akaniingiza ndani, akaniambia, "Usifanye kitu. Shika pembe ya leso, ishikilie iwe juu yake, asionekane." Ndiyo kazi niliyoifanya tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono iliniuma na sikuishusha. Nilikuwa nikitazama pindo nililolipinda mwenyewe, nikaona mahali nilipokosea mshono.

Leo asubuhi, kabla wanaume hawajaliinua jeneza, leso ya pili ilitandikwa juu. Mama aliinyoosha pande zote, akainama, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, "Haya, Jamilah. Umenitangulia kuivaa. Sema sasa kwamba nimekuiga."

Kisha akalia kama mtu aliyefiwa na dada.

Tumerudi. Madirisha hayana kitu. Majirani wanatuona tukifuturu, nasi tunawaona. Mama amesema sanduku lake sasa ni jepesi, na sikujua kama ananifariji au anasikitika. Sitaki kumnunulia doti peke yangu. Nilikosea peke yangu, hili nataka tulifanye wengi.

Kathambi


Embu, 27 Machi 2025

Makomredi wa Kaaga na Majengo, Mama Mwanarusi, Wifi Kathambi, Kaka Idrisi,

Salamu za mapambano, na rambirambi kwa kufiwa na jirani yetu.

Mama, ile barua yangu ya Februari ichomwe chini ya sufuria ya uji. Ilikuwa imepangika vizuri, ila haikukuhusu.

Nimezunguka maduka yote ya leso ya Embu nikiyauliza mawaridi yale. Hayapo, na mwenye duka mmoja amenicheka kwamba natafuta nguo ya bibi yangu. Nimenunua doti mbili za maua mengine, ya zambarau, yenye majani makubwa. Mama ataniambia yanafanana na kabichi, nami sitajitetea. Doti ya kwanza ni ya madirisha: itakatwa, itapindwa, itaning'inia juani hadi ichujuke. Ya pili haitaguswa na mkasi. Wifi Kathambi ataikunja kwa mikono yake na kuiweka chini kabisa ya sanduku la Mama, pale pale, na Mama atamwonyesha namna ya kupanga za juu yake. Kuanzia siku hiyo atakuwa mtu wa pili anayejua lililomo.

Hapa chuoni kuna maandamano Jumapili hii, siku ninayokuja kwenu. Nimemkabidhi Njagi kipaza sauti.

Tangazo, basi. Tutakutana Jumapili, saa nane mchana, baada ya Adhuhuri, sebuleni Kaaga, nyumba isiyo na mapazia, haiwezi kuwapotea. Kila mjumbe aje na sindano yake, Idrisi naye. Chai hatutatoa, tumefunga. Itakuwa tayari Magharibi ikiadhiniwa, na cha kwanza kitakachomiminwa ni kikombe cha Mama.

Zuleka